Kashata analia mchana kutwa: nimpeleke deikea au nitafute wa kumtembeza?

Ami, shikamoo.

Natumai u mzima. Mimi naishi Bamburi, nyumba ya kupanga ya chini, yenye ua mdogo kwa nyuma. Kazi yangu ni ya makaratasi katika ofisi ya uwakala wa forodha kisiwani, karibu na Moi Avenue. Natoka nyumbani saa kumi na mbili na robo asubuhi ili nivuke Daraja la Nyali kabla foleni haijakaza. Kurudi ni saa kumi na mbili na nusu jioni, na siku ambazo meli zimepandana bandarini hata saa mbili usiku hunikuta njiani. Binti yangu yuko shule ya bweni. Kwa hivyo mchana kutwa nyumba ni tupu.

Mwaka jana kaka yangu alipata kazi Qatar, akaniachia mbwa wake. Anaitwa Kashata kwa sababu ya rangi yake, ni ile ile ya kashata ya njugu. Hajatimiza miaka miwili, ni mchanganyiko wa German Shepherd na hawa mbwa wetu wa kawaida, manyoya mengi, kilo kama ishirini na tano. Kwa kaka huko Mtwapa alikuwa na kiwanja kizima na askari wa kushinda naye. Kwangu hana kiwanja wala askari.

Shida ni kelele. Mama wa nyumba ya pili, mtu mzima na mtu wa sala, aliniita kwa upole akaniambia mbwa wangu hamwachi kupumzika mchana. Mwanawe akanirekodia kwa simu nisikie. Kashata hukaa kimya mpaka saa tano hivi, halafu anaanza kubweka, kisha analia kwa kuvuta sauti mpaka saa nane, ndipo ananyamaza. Mlango wa jikoni wa kutokea uani ameuparua mpaka mbao imechanika kwa chini. Siku nyingine nikirudi nakuta mkeka ulio hapo mlangoni umelowa mkojo. Mwenye nyumba amesikia habari hizo na amenipa mpaka mwisho wa mwezi ujao, ama kelele ziishe ama mbwa atoke.

Nina njia mbili. Ya kwanza ni kituo kimoja upande wa Nyali kinachotunza mbwa mchana, wenyewe wanakiita deikea. Ni uwanja uliozungushiwa ukuta wa matofali, mbwa wanaachiliwa pamoja, wahudumu ni wawili. Bei ni shilingi 1,200 kwa siku, na wakija kumchukua na kumrudisha kwa gari wanaongeza 500. Nilimpeleka kwa majaribio. Siku ya kwanza alirudi hoi, akamaliza bakuli zima la maji, akajilaza chini ya meza na chakula hakukigusa mpaka kesho yake. Nikasema afadhali, amecheza. Safari ya pili, gari lilipofika getini kwao, alikataa kushuka. Alijibana nyuma ya kiti cha dereva mpaka wakambeba. Wakaniambia ni ukaidi tu, atazoea.

Njia ya pili ni kijana wa mtaani kwetu anayetembeza mbwa wa watu. Anataka 300 kila akija. Ni mpole na mbwa wanampenda. Lakini Jumamosi huwa namwona akipita barabarani saa saba mchana na mbwa wanne kwa mpigo, kamba zote mkono mmoja, mkono wa pili simu. Tena itabidi nimpe ufunguo, na kumpa mtu ufunguo wa nyumba ambayo simo kunaninyima usingizi.

Dada yangu ananicheka. Anasema mbwa ni mbwa, nimfunge mnyororo uani mchana nimfungue usiku, kama wafanyavyo watu wote.

Ami, nichukue lipi? Na mtu wa mshahara kama wangu, kweli ana haki ya kufuga mbwa?

Mama Kashata, Bamburi

*

Marahaba, mwanangu.

Mchukue yule kijana, ila si kwa mtindo wake wa sasa. Deikea iache kwanza. Si kwamba deikea zote ni mbaya. Ni kwamba Kashata mwenyewe amekwisha kujibu, tena kwa kujibana nyuma ya kiti.

Nianze na ile rekodi ya simu, maana huyo mtoto wa jirani amekusaidia kuliko unavyodhani. Mbwa anayeumwa na upweke wa kuachwa, yule asiyeweza kabisa kukaa bila mtu wake, mara nyingi huanza vurugu mapema: dakika chache baada ya kufunga mlango, au ndani ya nusu saa ya kwanza. Na anapoparua, huparua mlango uliotokea wewe. Wako anakaa kimya karibu saa tano nzima. Anaanza saa tano mchana. Anaparua mlango wa uani, siyo wa mbele, na mkojo unaukuta hapo hapo mlangoni. Mimi nikisoma hayo namwona mbwa aliyefundwa vizuri kwa kaka yako kwamba haja hufanywa nje, amejizuia mpaka amechoka, anaomba mlango ufunguliwe na hakuna wa kumfungulia. Akishindwa hukojoa mkekani, kisha hulala. Ndiyo maana saa nane huwa kimya.

Mbwa mzima anaweza kukaa muda wa saa sita hadi nane bila kutoka. Wewe unamwachia kumi na mbili, na siku za meli nyingi hata kumi na nne. Sikulaumu, mwajiri wako na daraja ndio wanaopanga saa zako. Lakini dawa yake ni mtu wa kuukata mchana huo katikati. Mbwa huyu hahitaji kupelekwa Nyali kushinda na kundi la mbwa asiowajua.

Sasa hiyo deikea. Watu wengi hufurahi wakiona mbwa amerudi hoi, wakadhani uchovu ni alama ya raha. Inaweza kuwa hivyo, na inaweza kuwa kinyume chake. Mbwa aliyecheza vizuri hurudi, hunywa maji kiasi, hula, ndipo hulala akiwa amejinyoosha. Wako hakula mpaka kesho yake na alijificha chini ya meza. Kisha mara ya pili akakataa kushuka. Mbwa anayependa mahali huanza kupiga mkia gari likikata kona ya mwisho. Huyu alikuwa na kiwanja chake peke yake na mtu mmoja wa kushinda naye. Kumtia ghafla katikati ya mbwa wageni kutwa nzima, pasipo pembe ya kujitenga, kumemtisha. Na mhudumu anayeita woga ukaidi, mimi simwachii hata paka.

Kuna mbwa ambao deikea inawafaa sana. Mbwa mchanga mwenye nguvu za kupita kiasi, aliyezoea wenzake tangu utotoni, mwenye kurudi nyumbani akatafuta kiatu cha kutafuna hata baada ya matembezi: huyo mpeleke siku mbili kwa wiki, na nyumba itapata amani. Ukija kufikiria tena huko mbele, au msomaji mwingine akiwa na mbwa wa aina hiyo, nenda ukaangalie bila kutoa taarifa, saa sita mchana, si asubuhi wakati sakafu imetoka kupigwa deki. Angalia kama kuna kivuli cha kutosha mbwa wote, na maji yaliyo baridi kweli. Uliza mbwa wangapi kwa mhudumu mmoja, na kama wakubwa hutengwa na wadogo. Jambo la kwanza wanalopaswa kukuomba ni kitabu cha chanjo. Wakimpokea mbwa bila kukiona, geuka, maana ndivyo walivyowapokea na wengine wote. Kikohozi cha mbwa husambaa upesi palipo na mbwa wengi pamoja, na kirusi cha parvo huua watoto wa mbwa kwa kuhara na kutapika ndani ya siku chache.

Na huo ukuta wa matofali ulioutaja, ungeutazama kwa karibu. Kupe wa mbwa, yule wa kahawia, ni mdudu wa majumbani. Hupanda ukutani na kutaga mayai kwenye nyufa za matofali na chini ya mabati, na joto letu la Pwani linampendeza mwaka mzima. Banda lenye mbwa wengi na ukuta usiopigwa plasta ni nyumba yake halisi. Akishamng'ata mbwa anaweza kumwachia homa ya kupe: mbwa anapoteza hamu ya kula, fizi zinapauka, wakati mwingine pua inatoka damu. Ukiyaona hayo wakati wowote, usingoje wikendi. Dawa ya kupe ya kumeza au ya kudondoshea shingoni mpe kwa ratiba aliyokupangia daktari wa mifugo. Mji wetu ni mji wa paka, kwa hivyo niseme na hili: dawa za kudondoshea mbwa zenye permethrin ni sumu kwa paka. Paka wa jirani akizoea kujisugua kwa Kashata, muulize daktari akupe aina nyingine.

Hesabu nayo inasema. Kwa siku 22 za kazi, deikea pamoja na gari ni shilingi 37,400 kwa mwezi. Bila gari ni 26,400, na hapo ni wewe wa kupanda na mbwa wa kilo ishirini na tano kwenye tuktuk alfajiri. Kijana kwa 300 ni 6,600. Mimi ningempa 400, ifike 8,800, na badala ya hiyo mia ningemdai mambo matatu ambayo sasa hayafanyi.

La kwanza ni saa. Saa saba mchana barabarani na mbwa, hapa Mombasa, ni hatari. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi, yeye hupoa kwa kuhema. Kuhema kunapoza pale mate yanapokauka hewani, na hewa yetu ina unyevu mwingi, hasa miezi ya kaskazi, Desemba mpaka Machi, jua linapochoma na upepo wenyewe ni wa moto. Joto la mwili wa mbwa mzima ni nyuzi 38 hadi 39 na kidogo. Likifika 41 maisha yake yako hatarini. Kashata ana manyoya ya jamii ya nchi baridi, kwa hivyo atazidiwa kabla ya hao mbwa koko unaowaona wamelala chini ya vibanda. Halafu kuna lami. Mwambie kijana aweke mgongo wa kiganja chake barabarani ahesabu mpaka saba. Akishindwa yeye, na nyayo za mbwa zinaungua.

Kwa hivyo aje saa nne na nusu, kabla ya ile saa tano yake ya kilio. Amtoe uani akojoe, kisha wazunguke penye mchanga na kivuli cha miarobaini kwa dakika kumi au kumi na tano, basi. Warudi ndani, ambadilishie maji, akae naye dakika nyingine kumi na tano akimkuna masikio. Watu hudharau hiyo sehemu ya kukaa, lakini ndiyo inayomfanya mbwa alale mchana badala ya kusikiliza kila pikipiki inayopita. Tangu hapo mpaka saa kumi na mbili na nusu ni saa nane, na saa nane anaziweza. Siku ukiona makontena yamekushika, mtumie ujumbe mapema aje tena saa kumi na moja jioni, umlipe mara ya pili.

Kuna sababu nyingine ya kuikwepa saa saba, na kwa mji wetu nadhani ni kubwa kama jua lenyewe. Ni wakati wa adhuhuri. Ijumaa ndio kabisa, njia zote zina watu waliokwisha kutawadha, kanzu nyeupe, wanaelekea msikitini. Waislamu wa Pwani wengi wanafuata madhehebu ya Shafi, na kwao mate ya mbwa au pua yake mbichi ikigusa nguo au mwili, huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mtu akiguswa na mbwa hatua chache kutoka mlango wa msikiti, umemharibia sala ya jamaa. Kijana mwenye kamba nne mkono mmoja na simu mkono wa pili hawezi kuzuia hilo. Kila ninapokutana na ugomvi wa mbwa mtaani, nikichimba huwa nakuta chanzo chake ni kamba ndefu, si mbwa mwenyewe.

Ndiyo la pili hilo: Kashata atembezwe peke yake, au na mbwa mmoja tu ambaye wamezoeana. Kamba fupi, simu mfukoni, na mkanda wa kifuani badala ya kola peke yake, maana mbwa akiogopa hurudi nyuma na kichwa kikachomoka kwenye kola. Mifuko ya kuokotea kinyesi iwe mfukoni mwake kila siku. Umnunulie wewe, usimwachie yeye.

La tatu ni afya na ajali. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni lazima kisheria nchini Kenya, hutolewa kuanzia miezi mitatu na hurudiwa kila mwaka, na taifa limejiwekea lengo la kumaliza vifo vya watu kwa ugonjwa huo kufikia mwaka 2030. Hakikisha ya Kashata haijapita muda. Muulize na daktari kama chanjo zake zimejumuisha ile ya leptospira, ugonjwa unaotoka kwenye mkojo wa panya. Masika yakija, mwezi wa Mei hasa, madimbwi ya mitaani hujaa maji yenye mkojo huo na mbwa huyanywa. Na kijana ajue hili kwa moyo: yeye au mtu mwingine aking'atwa na mbwa yeyote, hata mkwaruzo, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza hakuna tiba, lakini chanjo ya mapema humwokoa mtu.

Mfundishe na dalili za kuzidiwa na joto: kuhema kusikokatika hata akiwa kivulini, mate mazito yanayoning'inia, fizi nyekundu kuliko kawaida, kuyumba, kutapika. Hapo asianze kutafuta gari. Ammwagie maji ya baridi mwili mzima, ampepee, ndipo akimbizwe kwa daktari huku amelowa. Nambari ya daktari ibandike kwenye friji, na iwe pia kwenye simu ya kijana. Hakikisha ni daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo, si muuza dawa tu.

Pwani yenyewe najua utaitamani, maana Bamburi bahari ni hatua chache. Nendeni wewe na yeye, Jumapili alfajiri maji yakiwa yamekupwa na mchanga umeshikana. Kijana usimruhusu ampeleke kule siku za kazi. Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta una ngamia wa kubeba watalii, na mbwa asiyewahi kumwona ngamia hufanya vituko. Mbwa akinywa maji ya chumvi hutapika na kuharisha. Na bunju aliyetupwa na mawimbi ni sumu hata akiwa amekauka. Mambo hayo yanataka jicho la mwenye mbwa.

Ufunguo. Woga wako una haki, lakini una ua wa nyuma, na huo ndio suluhisho. Mpe ufunguo wa geti la ua na wa mlango wa jikoni wa kutokea uani, basi. Mchana mwache Kashata jikoni, mlango wa jikoni wa kwenda uani uwe na kitasa chake, na mlango wa kutoka jikoni kuingia sebuleni uufunge ukaenda na ufunguo wako kazini. Kijana ataona sufuria zako, hataona zaidi ya hapo. Kabla ya hayo omba nakala ya kitambulisho chake na uongee na watu wawili ambao amewatembezea mbwa. Andikeni karatasi moja: saa, malipo, nini kifanyike mvua ikinyesha, nani apigiwe simu kwanza. Mlipe kwa M-Pesa kila Ijumaa ili kumbukumbu ibaki. Kila akija akutumie picha moja ya mbwa akiwa nje. Omba likizo fupi, na siku za mwanzo uwe nyumbani, umtazame akimvisha mkanda. Mbwa akilegeza masikio na kumsogelea mwenyewe, umepata mtu. Akirudi nyuma huku kijana anamvuta, tafuta mwingine, hata kama ana maneno matamu.

Sehemu yako nayo ipo. Kabla ya kwenda kazini mtoe dakika ishirini, hata kama ni kuzunguka nyumba za mtaa wenu tu, maana kiza cha alfajiri sikutaki upite nacho mbali ukiwa peke yako. Matembezi marefu yawe usiku baada ya magharibi, lami imepoa. Unapoondoka mwachie kazi ya kufanya: songa ugali uchanganye na omena, ushindilie kwenye kikopo kigumu cha plastiki, ulaze kwenye friza. Atakilamba saa nzima, na kinampoza. Usimwachie mifupa ya kuku iliyopikwa, huvunjika vipande vyenye ncha. Na kumbi la nazi, ambalo watu wengi huku hupenda kuwatupia mbwa, lina nyuzi zinazoweza kumziba matumbo.

Dada yako mwambie kwa heshima kwamba mnyororo hautanyamazisha chochote. Mbwa aliyefungwa mahali pamoja huona kila anayepita asiweze kumfikia, akabweka zaidi, na wengine hugeuka wakali. Ua mdogo wa simenti saa saba ni tanuri. Isitoshe nchi hii ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, na jirani aliyekwisha kuchoka na kelele anaweza kuwa wa kwanza kuikumbuka.

Na kuhusu mshahara: kufuga mbwa si haki ya wenye nyumba za Nyali peke yao. Lakini elfu nane na mia nane kwa mwezi, pamoja na chanjo na dawa ya kupe, ni bajeti ya kila mwezi kama kodi. Kama hesabu haikubali, kaka yako aliyeko Qatar anaweza kuchangia. Mbwa ni wake. Mpigie leo, usione haya.

Nijibu na la wale wanaouliza: je, kijana akija na kilio kikaendelea? Mwombe mtoto wa jirani akurekodie tena baada ya wiki mbili. Kama sasa Kashata anaanza mara tu ukifunga mlango, basi nimekosea ugonjwa, ni upweke kweli, na hapo daktari wa mifugo ndiye wa kwanza kumwona. Kama ni mchana tu wakati watoto wa shule wanapita, sogeza mahali pake pa kulala mbali na upande wa njia na umwachie redio inazungumza kwa sauti ya chini.

Mama wa nyumba ya pili nenda kamwone kabla ya kijana kuanza, usisubiri akuite tena. Mweleze saa atakayokuja, umwambie watatokea geti la nyuma, na umwachie nambari yako ya simu ya kazini akupigie wewe badala ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba naye mwandikie ujumbe mfupi: umeajiri mtu, anaanza tarehe fulani, na unamwomba aje asikilize mwenyewe saa tano mchana siku yoyote wiki ya tatu.